Ni Netiweki au Ni Wewe

Cherotich mwanangu,

Kesho mama yako atakuamsha ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai, na jua likipanda utakuwa uko njiani kwenda Machakos. Sanduku liko mlangoni. Dawa zako amezipanga mwenyewe na amekukumbusha saa za kuzimeza mpaka umechoka kumsikia, kwa hivyo mimi hilo sitaligusa. Sitakuambia habari za blanketi wala za chakula wala za kutafuta kanisa. Hayo yote yamesemwa leo mezani, nami nimekuona ukiitikia kwa kichwa, kwa heshima, huku mawazo yako yameshafika huko unakokwenda.

Mimi nataka kukuandikia juu ya woga. Ninaogopa, Cherotich. Nimeketi sebuleni, wewe na mama yako mko jikoni mnaosha vyombo, na ukiona mwandiko huu umepinda ujue sababu ni hiyo. Sisi wanaume wa huku tumefundishwa kwamba mtu mzima haogopi, na kama anaogopa anakwenda kuangalia ng'ombe mpaka woga uishe. Mimi nimewaangalia hao ng'ombe mwezi huu wote. Haujaisha.

Mambo mengi nitakayoyaandika unayajua, kwa sababu yalikupata wewe. Lakini uliyaona kutoka upande wako. Nataka, siku ukiwa na nafasi huko chuoni, uyasome kutoka upande wangu.

Ulikuwa darasa la saba ulipoanguka mara ya kwanza. Ilikuwa asubuhi, likizo, tunachuma chai pale chini karibu na kijito. Wewe ulikuwa mstari wa pili, unamwimbia mama yako wimbo wa shuleni. Wimbo ukakatika. Nilidhani umesahau maneno. Nikaendelea kuchuma. Ni mama yako aliyegeuka, na ule mlio alioutoa sijausikia tena kwa mtu yeyote. Tulikupata kati ya mistari ya chai, mwili umekakamaa, halafu ukaanza kutikisika, na majani uliyokuwa umeshika yakatawanyika juu ya kifua chako. Tangu siku hiyo, mahali popote sauti yako inapokatika ghafla, mimi moyo wangu unaruka. Hata ukinyamaza tu kwa sababu umetia chakula mdomoni.

Daktari alituambia ni kifafa. Alisema kwa upole kwamba chako hupenda kuja asubuhi, mtu anapoamka, hasa akiwa hajalala vizuri, na kwamba dawa zitasaidia. Zilisaidia. Ulimaliza shule ya msingi, ukaingia sekondari, na tukaanza kulisahau lile neno. Mimi hasa nililisahau kwa bidii. Watu wakiuliza kanisani nilisema una kizunguzungu. Wewe ulikuwa umesimama kando yangu ukinisikia nikisema hivyo, na hukuwahi kunisahihisha mbele za watu. Halafu mwaka jana, ulipomaliza mtihani, kikarudi.

Ndiyo maana ulipoomba kwenda Bomet kwa senge, shangazi yako Lilian, usome kozi ya kompyuta ukisubiri nafasi ya chuo, nilikataa. Unakumbuka. Dada yangu ni mtu mzuri, lakini anauza mboga sokoni na anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Ina maana kila asubuhi, saa zile zile ambazo daktari alizitaja, ungekuwa peke yako kwenye chumba chenye mlango uliofungwa. Wewe ndiwe uliyeleta ule mpango.

"Baba, tutaacha video imewashwa," ulisema. "Nikiamka simu iko juu ya meza inaniangalia. Wewe unaniona mpaka nikishakunywa chai nikatoka."

Kule Bomet nyumba za kupanga anakokaa senge zilikuwa na intaneti yao. Hapa kwetu bondeni simu hazishiki vizuri, kwa hivyo tukaita kampuni ya intaneti ya mjini. Vijana wao wakapanda juu ya mabati, wakafunga dishi dogo linaloangalia mnara ulioko ng'ambo ya bonde, wakashusha waya mpaka kwenye rauta ukutani, hapa nilipoketi. Fundi mmoja akasimama kando ya rauta na simu yake, akabonyeza, mshale ukazunguka, ikatoka namba ya spidi. Akanionyesha akitabasamu. "Mzee, hii ni moto. Hata mkiangalia mpira watu kumi haikwami." Nikampa chai, akaenda zake. Ilikuwa alasiri tulivu, hakuna jani lililotikisika. Hilo sikulitia maanani. Nililala nikijua nina namba kubwa.

Sasa, asubuhi zile. Sikukuambia zilivyokuwa. Nilikuwa naamka, nawasha ile laptopu ya zamani ya mjomba wako, naketi na kikombe ambacho chai yake ilikuwa inapoa bila kunywewa. Unaamka, unanipungia mkono, unajisitiri kwa leso ukivaa, unarudi. Mimi naangalia. Picha ikisitasita kidogo, pumzi yangu inasita nayo. Ukiinama kuokota kiatu na kutoka kwenye picha, nahesabu kimoyomoyo mpaka urudi. Mama yako alikuwa akipita na ndoo ya maziwa ananiuliza, "Ako sawa?" Nasema yuko sawa. Kila siku nilikuwa nasema yuko sawa, na kila siku nilikuwa nimelowa jasho mgongoni kama mtu aliyetoka kupalilia.

Halafu ikaja ile asubuhi ya upepo. Ulikuwa umeketi kitandani unafunga nywele. Ukafungua mdomo kusema kitu, mkono mmoja juu, kichwa kimeinamia nyuma. Ukabaki hivyo.

Nilisubiri. Ukabaki hivyo. Macho nusu yamefungwa, mdomo wazi, vidole vimekunjika. Nilikuita. Nilikuita kwa jina lako, halafu nikakuita kwa jina la bibi yako, sijui kwa nini. Nilipiga simu yako, haikupatikana. Senge yako hakupokea, kwani sokoni saa hizo ni kelele tupu. Mwisho nikampata yule mwenye poshomili jirani na nyumba zenu, mtu ambaye namba yake nilikuwa nayo kwa ajili ya mambo ya unga tu, nikamwambia vunja mlango. Akauliza mlango gani. Nikamwambia, "Wa dada yangu, vunja, mtoto anakufa!"

Akaita wenzake, wakauvunja. Wewe ulikuwa unatia sukari kwenye chai.

Jumamosi ulipokuja nyumbani hukunisalimia. Uliweka mkoba chini, ukasimama pale pale kando ya kabati.

"Baba, wanaume wanne waliingia nikiwa na kamisi."

"Niliona umeganda."

"Picha ndiyo iliganda. Mimi nilikuwa napiga mwayo!"

"Ningejuaje?"

"Hungejua. Hilo ndilo ninasema." Sauti yako ilikuwa imeanza kupasuka. "Ploti nzima ya wapangaji sasa inajua. Nilisimama pale nje nimejifunga shuka, kila mtu ananiuliza nini mbaya. Ilibidi niseme. Nikasema niko na kifafa. Nikasema mbele ya watu wote, wewe ambaye hujawahi kusema hata mbele ya pasta."

Nilitaka kukuambia kwamba nikirudishwa kwenye asubuhi ile ile, na ile picha ile ile, ningeamuru mlango uvunjwe tena. Na ningeamuru. Lakini hilo si jambo la kumwambia mtu anayelia.

Mama yako ndiye aliyetutuliza. Alikutilia uji, akakuketisha, akasema, "Wewe si umesoma hizo kompyuta? Mwonyeshe baba yako anachoangalia." Ukafuta uso kwa kiganja. Ukavuta kiti karibu na changu. Hasira haikuwa imeisha, nilikuwa naisikia kwenye jinsi ulivyokuwa unabonyeza, lakini ulinifundisha, na ninakushukuru kwa siku ile kuliko unavyodhani.

Ulianza na ile namba ya fundi. Ukapima ukiwa kando ya rauta, ikatoka kubwa kama ya siku ile. Ukaenda na laptopu hadi chumba changu nilipokuwa naketi asubuhi kwa sababu ya baridi, ukapima tena, ikawa imeshuka zaidi ya nusu. "Ukuta wa mawe," ukasema. "Waifai inachoka hapa." Ukatafuta waya, ukaichomeka laptopu moja kwa moja kwenye rauta, ukaniambia nisipime tena kwa waifai kama nataka kujua ukweli wa laini, kwa sababu nitakuwa napima ukuta wangu mwenyewe. Ukanionyesha namba mbili, ya kinachoshuka na ya kinachopanda, na kwamba fundi alinionyesha ile inayoshuka tu, ilhali sauti yangu inayokwenda kwako hupita kwenye ile nyingine, ndogo.

"Lakini bado hii si shida yetu," ulisema. "Spidi inakuambia lori linabeba majani mangapi. Haikuambii kama lori limekwama matopeni."

Ukafungua kwenye laptopu lile dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Ukaniambia kwamba sasa kompyuta inabisha hodi mbali, mara moja kila sekunde, na kila mstari unaoongezeka ni jibu. Namba ya mwisho wa mstari ni muda ambao jibu limekawia. Tukaangalia mistari ikishuka, jibu, jibu, jibu, namba zinafanana, na mimi nikaanza kutulia. Halafu namba zikapanda ghafla. Halafu mstari ukaja bila jibu. Na mwingine. Na mwingine. Halafu majibu yakarudi kama vile hakujatokea kitu.

"Hapo," ukasema polepole. "Hapo ndipo nilipoganda."

Ukafungua dirisha la pili, linalobisha kwenye rauta yetu tu, hapa hapa ndani. Hilo halikupoteza hata jibu moja. Kwa hivyo shida haikuwa ndani ya nyumba. Ilikuwa kati ya paa letu na ule mnara.

Nilitoka nje kuangalia dishi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa msitu, na ile mikaratusi yangu pale chini, niliyoipanda kwa ajili ya kuni za kiwanda, ilikuwa imekua mpaka vilele vyake vimesimama katikati ya dishi na mnara. Nikasimama nayaangalia majani yakiinama na kurudi. Nikakusikia kutoka ndani, "Imepotea!" Upepo ukapoa. "Imerudi!" Ukavuma tena, vilele vikainama, nami nikajua utakalosema kabla hujasema. "Imepotea, Baba!" Sijui tulikaa hivyo muda gani, mimi nje nimeangalia juu, wewe ndani unaniitia. Ulikuwa umeshaanza kucheka. Mimi nilikuwa nimeshika mti mmoja kwa mkono, nami sikucheka, kwa sababu nilielewa kwamba asubuhi zote zile, nilipojiambia nakulinda, jani la mti lilikuwa linatosha kutuziba.

Jumatatu nikaikata. Mama yako alisimama na mikono kiunoni. "Joel, miti yote hii kwa sababu ya simu?" Nikamwambia yeye mwenyewe aje asubuhi aketi kwenye kile kiti, halafu aniulize tena. Hakuuliza. Alikwenda kuwahamisha ndama ili wasiangukiwe na matawi.

Baada ya hapo laini ikawa safi. Nilikuwa napima kama mtu mwenye homa anavyojipima joto. Nilipima asubuhi, nilipima jioni watu wote wa bondeni wakiwa wameingia mitandaoni na namba zinalegea, nilipima mvua ikipiga mabati. Ulinipigia ukanipa sheria moja: picha ikiganda, nisipige simu ya mtu yeyote kabla sijaangalia yale madirisha mawili. Kama majibu ya nje yamekatika, ni netiweki yangu, nisubiri. Kama majibu yote yanakuja, basi shida iko upande wako, nimpigie jirani. "Hivyo utajua kama ni netiweki au ni mimi," ulisema. Niliishika sheria hiyo kama dawa. Nilidhani nimeushinda woga. Nilikuwa nimeupa tu kazi ya kufanya.

Sasa nakuja kwenye ile asubuhi nyingine. Wewe huikumbuki, na unajua ninavyokuonea wivu kwa hilo.

Ulikuwa umelala kidogo usiku huo kwa sababu ya mtihani wa kozi. Niliona ulivyoamka, uso umevimba. Mkono wako ukarukaruka kidogo na kijiko kikakuponyoka. Ukakiokota. Mkono ukaruka tena. Ukanitazama kwenye simu, moja kwa moja, na ukasema "Baba," kwa sauti ya kawaida kabisa. Ukaanguka kati ya kitanda na meza.

Picha haikuganda. Cherotich, nataka ulielewe hili. Haikusitasita hata kidogo. Miti niliikata, waya uko mahali pake, madirisha mawili yanatoa majibu mstari kwa mstari, na mimi niliona kila kitu kwa usafi ambao sitautamani tena. Niliona miguu yako. Nilisikia kisigino chako kikigonga mguu wa meza. Nilisikia pumzi yako. Yote niliyoyahangaikia nilikuwa nimeyapata, na nilikuwa nimeketi hapa Kabianga na mikono yangu juu ya magoti, haina kazi.

Nilipiga kelele. Sheria haikunijia kichwani, namba ya jirani haikunijia. Nilipiga kelele tu, Kipsigis, Kiswahili, chochote. Mama yako akaja mbio akaona, naye akaanza. Tulikuwa watu wazima wawili tunapigia kompyuta kelele.

Halafu nikasikia mlango. Ule mlango haukuwa umetengenezwa vizuri tangu tulipouvunja, ulikuwa unafungwa na kamba. Akaingia msichana mwenye kanga, nywele nusu zimesukwa. Alikuwa Akinyi, yule anayeuza nguo za mitumba, anayekaa chumba cha pili. Alikuwa amesikia sauti ya mwanamume ikitoka kwenye ukuta.

Akasukuma meza kando. Akapiga magoti.

"Usimwekee kitu mdomoni!" nilipiga kelele. "Usimshike kwa nguvu! Mgeuze!"

Hakuniangalia. "Mzee, punguza sauti. Niko na yeye."

"Mgeuze kwa ubavu!"

"Najua. Cherotich alinionyesha mwenyewe, ile siku ya mlango." Akavua kanga, akaikunja, akaiweka chini ya kichwa chako. Ulipolegea akakugeuza taratibu, akafuta mdomo wako kwa kiganja chake, mkono mtupu, kama mtu anavyomfuta mdogo wake. Akaanza kukuongelesha kwa Kijaluo. Sikuelewa hata neno, lakini mama yako aliacha kulia akawa anamsikiliza.

Baada ya muda akainua uso kwa mara ya kwanza akatazama simu. "Anapumua vizuri. Mnaweza kupumua pia."

Ulipofungua macho hukujua uko wapi. Ulimwona yeye kwanza. Hilo lilinichoma, nakiri, kisha likaniponya, kisha likanichoma tena, na bado linafanya hivyo kwa zamu.

Nilifika Bomet siku ile ile, ukiwa umelala, Akinyi ameketi mlangoni anamalizia kusukwa. Nilitaka kumshukuru, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Aliniambia tu, "Mzee, uko na sauti." Akacheka. Mimi nikaingia ndani nikaketi kwenye kitanda chako nikaangalia ile simu juu ya meza, bado imewashwa, na ndani yake kiti changu kitupu na ukuta wa sebule yetu.

Kwa hivyo uliponiambia mwezi uliopita, barua ya chuo ikiwa mkononi, kwamba Machakos hakutakuwa na video ya asubuhi, nilikasirika vibaya. Nilisema maneno ambayo hukuyastahili. Nilisema laini sasa ni nzuri, nimekata miti, nimejifunza kupima, kwa nini unaninyang'anya. Wewe ulikuwa unakama, hukuacha kukama.

"Baba, ile asubuhi macho yako yalinisaidia nini?"

Nikaegemea nguzo ya zizi.

"Sauti yako ndiyo ilisaidia, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuisikia. Na huyo mtu alijua cha kufanya kwa sababu nilimwambia. Huko bwenini nitakaa na wenzangu. Nitawaambia siku ya kwanza. Sitaki wanione nalala na baba yangu ananiangalia kwenye simu."

"Na wakikuogopa? Wakihama chumba?"

"Basi watahama wale wa kuhama."

Ulisema hivyo huku maziwa yakiendelea kupiga ndoo. Mimi bado nilikuwa nimeegemea nguzo ile. Sikukubali siku ile. Sijui hata kama nimekubali sasa. Nimeacha kubishana, na kwa mtu kama mimi hiyo ni safari.

Mwanangu, sina hekima ya kukupa. Ningekuwa nayo nisingekuwa nimeharibu mlango wa watu. Lakini haya machache nimeyapata kwa shida, nayo ni yako. Nilitumia miaka nikificha jina la ugonjwa wako, nikidhani nakuhifadhia heshima, na siku ulipohitaji mikono, mikono iliyokuja ilikuja kwa sababu siri ilikuwa imevunjwa kwa aibu, si kwa sababu yangu. Kama nisingekuaibisha, Akinyi asingejua. Jambo hili hunisumbua, kwa sababu siwezi kulipanga liwe funzo zuri. Nilikosea, na katika kosa langu ukapata mtu. Wewe usisubiri mlango uvunjwe. Waambie mapema, kwa maneno yako, ukiwa umevaa nguo zako na umesimama wima.

Na usiniambie uko sawa ikiwa si kweli. Najua utataka kunihurumia. Nitakupigia jioni, na kuna siku picha itasita, nami nitafungua yale madirisha mawili, nitaona majibu yote yamekuja, na nitabaki nimeangalia uso wako uliosimama bila kujua. Siku hiyo nitaogopa kama nilivyoogopa asubuhi ya upepo. Sitampigia mwenye poshomili. Hilo tu ndilo ninaloweza kuahidi. Kuhusu woga wenyewe sina ahadi. Nadhani nitazeeka nao, na nimeanza kuona kwamba si lazima uondoke ndipo mimi nikuache uende.

Ulale. Usingizi ndio dawa ambayo haiwezi kupangwa sandukuni. Mitihani itakuja, marafiki watataka mkeshe. Fikiria kile kijiko kilichokuponyoka, uende ukalale.

Nilikuwa nataka kuendelea, lakini nimesimamisha kalamu kwa sababu sauti za vyombo zimekoma huko jikoni na sasa ninakusikia unaongea na simu. Nadhani ni yule msichana wa Kitui uliyepangiwa chumba naye, Mwende, ambaye mmekuwa mkiandikiana. Umeshusha sauti, lakini mlango uko wazi, na mimi sijaondoka mahali pangu.

"Mwende, kuna kitu nataka ujue kabla hatujakutana," umesema. "Niko na kifafa. Nikianguka usiogope. Nigeuze kwa ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usinitie kitu mdomoni. Halafu kaa na mimi mpaka niamke."

Umenyamaza. Yeye anajibu, na jibu lake mimi silisikii. Mama yako naye ameganda, nadhani, maana hakuna kijiko kinacholia. Bado umenyamaza. Ninataka kuinuka nije jikoni, nimeshika ukingo wa meza nisiinuke.

Sasa umecheka. Si kicheko cha adabu, ni kile chako cha kweli, kinachoishia kwenye kikohozi. Umemwambia, "Hapana, si kila siku, wewe! Na ni wewe utaniamsha na chai?" na mama yako ameanza kucheka pia.

Nitaikunja barua hii niitie kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wako, halafu nije huko mliko.

Ni mimi, baba yako.